Pale Ukungu Ulipogota

Mama Uyoga alikuwa msafi hadi kero. Kabla ya kuingia chumba cha nyuma alivua viatu vya nje, akavaa malapa yasiyotoka humo, akafunga kitambaa kichwani na kunawa mikono mpaka viwikoni kwa maji yenye dawa. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kazi yake ya kutengeneza majokofu, alizoea kumtania kwamba hata yeye siku ya harusi hakusuguliwa kiasi hicho. Kwa hiyo asubuhi moja Mama Uyoga alipoona doa la kijani kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, mwanzoni alidhani ni kivuli. Alilisugua kwa kidole juu ya nailoni. Halikufutika. Lilikuwa ndani.

Chumba kile kilikuwa cha mtoto wao wa mwisho kabla hajahamia mbali kikazi. Sasa ilining'inia humo mifuko iliyoshindiliwa mabua yaliyochemshwa, safu kwa safu kutoka darini, kila mmoja umetiwa mbegu za uyoga. Mambo yakienda sawa, nyuzi nyeupe hutambaa kutoka kwenye mbegu zikafunika mabua yote, mfuko ukawa mweupe kama mto wa hospitali. Ukiutoboa, uyoga huchomoza kwenye matundu kama masikio. Na mambo yalikuwa yameenda sawa kwa muda mrefu, hata Fundi, ambaye kazi yake siku hizi ilikuwa ya kubahatisha, aliacha kuuita uyoga mchezo wa mkewe. Chakula, maji na umeme wa nyumba ile vilitoka kwenye mifuko hiyo.

Mfuko wenye doa aliufukia shimoni nyuma ya ua. Baada ya siku chache ikawa mifuko mitatu, kisha safu nzima ya upande wa mlango. Ukungu wa kijani ulianza kama unga uliomwagika, ukatanda, na popote ulipofika nyuzi nyeupe zililegea na kugeuka majimaji ya rangi ya kutu. Chumba kilichokuwa kikinukia mbao mbichi kikaanza kunuka nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Mama Uyoga aliijua harufu hiyo vizuri. Kabla ya kuanza biashara yake alikuwa mfuaji wa hospitali kwa miaka mingi, na huko nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo ilikuwa kosa la mtu, na mtu huyo lazima apatikane.

Mtu huyo alimpata jikoni. Au tuseme alizipata chupa zake.

Katika chumba chembamba kando ya jiko aliishi Wifi, mdogo wake Fundi. Alikuja kupumzika kidogo baada ya maabara ya taasisi ya kilimo alikofanya kazi kupunguza watu, na mapumziko hayo yakarefuka mpaka hakuna aliyekuwa na uso wa kuuliza yataisha lini. Hakuwa mtu mbaya. Ila vyombo vichafu alikuwa havioni. Macho yake yaliyozoea kuona vitu visivyoonekana na mtu yeyote yaliruka sufuria iliyoungua iliyokuwa mbele ya pua yake. Na dirishani mwa jiko alikuwa amepanga chupa za jemu zenye udongo, majani yaliyooza na maji ya rangi ya chai, kila moja imefunikwa karatasi na kufungwa uzi. Alipoulizwa za nini, alisema ni za kuufanya mkono usisahau kazi.

Asubuhi moja Wifi alitoka chumbani na mswaki mdomoni akamkuta Mama Uyoga kwenye karo, anamimina chupa ya tatu.

"Wifi, unamwaga nini?"

"Namwaga maradhi. Mimi nanawa mpaka viwikoni, wewe unafuga uozo dirishani. Uyoga wangu unakufa, leo nimejua kifo kinatoka wapi."

Wifi alitoa mswaki. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba vilivyomo kwenye chupa ni vitu vingine kabisa, kwamba ukungu ule wa kijani uko hewani kila mahali, kwenye mabua yenyewe, kwenye nguo za kila anayepita. Mama Uyoga akamjibu kwamba basi wanaopita wapite nyumba nyingine.

Fundi alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Aliyasikia yote, akatazama vidole vyake vya miguu kana kwamba anavihesabu. Wifi alisukutua, akaziokota chupa tupu, akaziosha kwa sabuni, jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu aje, akazipanga kifudifudi kwenye kichanja. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakula mapema, peke yake, na kushinda nje.

Uozo wa chupa ulikwenda na maji, lakini ukungu haukwenda.

Hoteli iliyonunua uyoga ilikuwa na mlango wa nyuma ambako wauza samaki, wauza mboga na wachukua taka walipanga foleni moja. Mama Uyoga alikuwa na heshima yake pale. Kwa kawaida Mpishi alimpokea mwenyewe, akamvusha mbele ya wenzake. Safari hii alikuja na kapu nusu. Mpishi alilitazama, akachukua uyoga mmoja, akaunusa, akaurudisha kwa ncha za vidole. Kisha akamwambia apange foleni kama watu wengine ili upimwe.

Alisimama nyuma ya mtu wa samaki. Zamu yake ilipofika, Mpishi alisema, mbele ya waosha vyombo waliokuwa wakimsikiliza, kwamba yeye aliagiza uyoga wa wageni, na huu hautoshi hata wa kuonja chumvi. Akaongeza kwamba kuna mkulima mwingine anayepiga simu kila wiki. Mama Uyoga alisema sawa. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, asikutane na mtu wa kumuuliza habari za biashara.

Alianza kusomba mifuko iliyooza, mikono miwili miwili, kuipeleka shimoni. Katika mzunguko wa mwisho alichoka, akaketi kwenye jiwe la kufulia na mfuko mapajani, na kwa kuwa jua lilikuwa linaupiga, akaona kitu.

Mfuko ulikuwa wa kijani tupu, isipokuwa sehemu moja ubavuni. Hapo, kwenye eneo lisilozidi sahani ya kikombe, nyuzi nyeupe zilikuwa hai na zimenona. Na ukungu haukuwa umefifia taratibu kuzikaribia. Ulikuwa umegota. Ulifika mahali ukasimama, ukaacha ukanda mtupu wa mabua makavu, na ng'ambo ya ukanda huo nyeupe ilikuwa inaendelea na maisha yake.

Aliugeuza mfuko juu chini. Akaifukua ya jana na ya juzi, akaipangusa udongo, akaikagua yote. Hakuna mwingine uliokuwa hivyo. Wiki nzima alikuwa akiitazama ile mifuko kutafuta kilichokufa. Haikumpitia akilini kuuliza kwa nini kitu chochote kilikuwa hai. Jirani alimsalimu juu ya ukuta mara mbili kabla hajaitika.

Alimkuta Wifi anakunja nguo na kuzitia kwenye begi lililokuwa wazi kitandani. Wote wawili walilitazama begi. Mama Uyoga aliuweka mfuko ule mchafu juu ya shuka.

"Hapa kuna kitu sikielewi."

Wifi alikuwa na haki ya kusema lolote. Lakini macho yalishatangulia. Akainama, akausogeza mfuko kwenye mwanga, nguo ikamponyoka mkononi ikaanguka chini.

"Umeutoa wapi?"

"Safu ya mlango. Yote imekufa ila hapa. Nani amefanya hivi?"

"Hilo ndilo la kujua." Wifi alipitisha kucha juu ya nailoni akiufuata mpaka. "Pengine hapa ndani kuna bakteria. Anakaa kwenye mabua, anatoa kitu fulani, ukungu ukikigusa unashindwa kusonga."

"Mbona simwoni?"

"Huwezi kumwona. Unaona mahali mwenzake aliposhindwa kupita, basi."

Mama Uyoga aliendelea kutazama mfuko, na akiwa bado anautazama akasema kwamba alikosea kuzimwaga zile chupa.

"Zilikuwa zinanuka kweli," alisema Wifi, akalisukuma begi chini ya kitanda kwa mguu.

*

Jiko likageuka kitu kisichokuwa na jina. Walichemsha viazi, wakachuja maji yake, wakatia sukari na unga wa mwani ambao watengeneza keki hutumia kugandishia, wakavichemsha tena kwenye sufuria ya presha mpaka dirisha likatoka jasho. Wifi alikuwa na boksi la visahani vya kioo alilotoka nalo kazini. Walimimina uji ule ndani yake, ukaganda kama jeli, angavu, kiasi cha mtu kusoma gazeti kupitia hapo.

Kilichokosekana ni joto la kutulia. Wifi alimweleza kaka yake kwamba wanahitaji sanduku lisilozidi wala kupungua joto, mchana na usiku. Fundi alinung'unika kwamba maisha yake yote watu wamemlipa apooze vya moto, sasa nyumbani kwake anaombwa apashe jokofu. Hata hivyo alilikokota jokofu bovu lililokuwa likikaliwa na kuku uani, akalisafisha, akalitoa mashine, akatia taa na swichi ya kupima joto. Alipomaliza alilifungua na kulifunga mara kadhaa bila sababu yoyote.

Wifi alichoma sindano kwenye moto wa spiriti mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe, akagusa ile sehemu hai ya mfuko, akachora mistari juu ya jeli. Mara ya pili alimpa Mama Uyoga sindano. Mkono wa Mama Uyoga, uliozoea kukamua mashuka ya watu wazima, ulibonyeza mno, mstari wake wa kwanza ukachimba jeli.

Vilivyoota vilikuwa vya kila namna: vitone vya njano, utando kama makamasi, vidoa vyeupe vilivyonuka maziwa yaliyochacha. Waliviweka kimoja kimoja kwenye kisahani chake, na upande wa pili wa kisahani wakaweka chembe ya ukungu wa kijani. Kisha wakasubiri. Siku hizo Mama Uyoga aliamka akaenda kwenye jokofu kabla ya kunawa uso. Visahani vingi vilimvunja moyo. Ukungu ulivipanda vile vitone ukavipita bila hata salamu. Lakini kimoja, chenye kitone cha rangi ya krimu kilichokunjamana kama ngozi ya juu ya maziwa, kilikuwa tofauti. Kijani kilikuja kwa mbio kutoka ukingoni, kikakaribia, kikakata kona. Kulikuwa na uwazi safi kati yao, umepinda kama kucha.

Alikaa na kisahani hicho kwenye meza muda mrefu. Akataka kujua kitu chenyewe kinachotoka hapo kinafanya nini hasa. Ni sumu, au ni harufu, au ni nini.

"Umefua sana, utanielewa," alisema Wifi. "Sabuni inafanyaje mafuta kwenye nguo?"

"Inayalegeza. Inayaachanisha."

"Ukungu una ngozi nyembamba, na ndani ya ngozi hiyo kuna mafuta. Bakteria wa namna hii wengi wanatoa vitu vinavyofanana na sabuni. Vinajipenyeza kwenye ngozi, vinaitoboa, yaliyomo ndani yanavuja. Nadhani ndicho kinachotokea hapa. Nadhani tu."

Mama Uyoga alikigeuza kisahani kwenye mwanga, akilipima hilo. Kisha uso wake ukabadilika. "Na uyoga je? Si ulisema uyoga ni kuvu pia, ni ndugu wa huo huo ukungu? Huyu atajuaje nani wa kumtoboa na nani wa kumwacha?"

Wifi alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika katika nyumba hiyo kwa muda. Alisema alikuwa anajiuliza ni lini atalifikia hilo swali, kwa sababu yeye mwenyewe lilimnyima usingizi. Hajui lolote yule bakteria. Anamwaga tu. Linalobaki ni nani ana ngozi ngumu zaidi, na kimemwagwa kiasi gani.

Basi wakapanga visahani vingine, safari hii nyuzi nyeupe za uyoga mbele ya kitone cha krimu. Nyuzi zilikwenda, zikafika karibu, zikasimama. Kesho yake zilikuwa bado zimesimama. Keshokutwa, nywele chache nyembamba, ambazo ungezidhania ni mkwaruzo kwenye kioo, zilikuwa zimeuvuka uwazi.

"Unapita," alisema Mama Uyoga kwa mnong'ono, kana kwamba nyuzi zingemsikia.

*

Hapo ndipo walipogombana tena, na safari hii hakuna aliyekuwa mjinga.

Mama Uyoga alitaka kunyunyizia mifuko iliyobaki siku hiyo hiyo. Alikuwa na haki ya kuharakisha: hoteli ilikuwa bado haijamfuta, na mabua mapya yalikuwa yamefika. Wifi akakataa katakata. Alisema bakteria wa aina hii wana ndugu zao wanaofanana nao kama mapacha, wanaishi mahali pamoja, wanaota kwa rangi moja, na hao wengine hutapisha na kuharisha watu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kabla kitu hiki hakijagusa chakula, lazima taasisi imtambue ni nani. Na taasisi ile ndiyo iliyomwondoa kazini. Kwenda kuomba kungemgharimu heshima, lakini angekwenda.

Alikwenda kuomba nafasi ya kuonana na mkubwa wake wa zamani. Akaambiwa arudi baada ya wiki sita. Alipokuwa huko, Mama Uyoga alisimama mbele ya jokofu la joto akaitazama chupa ya maji ya viazi ambamo Wifi alikuwa amemkuza bakteria yule. Yalikuwa mazito na meupe. Alisimama kiasi cha maji ya chai kuchemka na kukauka. Kisha akachukua chupa ya kunyunyizia.

Safu moja ya mifuko aliyoishindilia mabua mapya aliinyunyizia mazito kama yalivyokuwa. Nyingine aliyachanganya na maji mengi. Ya tatu aliiacha.

Safu ya mazito ililala. Haikuota kijani wala nyeupe. Mabua yalikaa vile vile kama yamesusa. Safu iliyoachwa ikaanza madoa. Lakini ile ya katikati iligeuka nyeupe mfuko hadi mfuko, na baadaye masikio ya uyoga yakachomoza, mapana na mazito, mazuri kuliko yoyote aliyowahi kuvuna. Alifunga chumba kwa kufuli na kusema anazuia vumbi.

Wifi si mtu wa kuzuiwa na kufuli; alijua kaka yake anauweka wapi ufunguo wa akiba. Alisimama katikati ya chumba, akatazama safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Uyoga alikuwa nyuma yake akingoja radi.

"Ulichanganya na maji kiasi gani?"

"Kikombe kimoja, ndoo moja."

Wifi alitikisa kichwa taratibu, kama anayeonja kitu. Halafu akageuka, na macho yake hayakuwa ya mzaha. "Na kama ni yule anayetapisha?"

"Sijauza."

"Hujauza bado," alisema Wifi, akatoka.

Siku mbili baadaye gari la hoteli lilisimama mlangoni. Mpishi alishuka mwenyewe, amevaa nguo za nyumbani, na bila koti lake jeupe alionekana mfupi. Yule mkulima mwingine, alieleza, naye ameingiwa na kijani, amepoteza banda zima. Hoteli ina wageni wengi mwisho wa wiki. Alipoona safu ya katikati alipiga mluzi. Akasema atachukua wote, na bei aitaje Mama Uyoga.

Fundi alikuwa nyuma ya Mpishi. Macho yake yalisema yote: kodi, umeme, mabua ya mkopo. Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chembamba. Hakumkataza wala kumruhusu, na hilo ndilo lililomwelemea Mama Uyoga zaidi. Kama angekatazwa, angepata wa kubishana naye.

"Huu hauuzwi," alisema.

Mpishi alidhani anapandisha bei. Akataja bei yeye.

"Si bei, baba. Nimenyunyizia kitu. Kimenisaidia, lakini sijakijua bado. Inawezekana hakina neno, inawezekana kinatapisha. Ninangoja kuambiwa."

"Mama, kila mtu ananyunyizia kitu. Unafikiri nyanya ninazopokea zimeoshwa kwa maombi?"

"Wa nyanya anajua alichonyunyizia."

Mpishi aliutazama uyoga mara ya mwisho, kwa masikitiko ya kweli, kama mtu anayeacha jamaa kituoni. Akasema basi asimtafute tena, kwa sababu yeye hawezi kuendesha jiko kwa watu wanaongoja kuambiwa. Gari likaondoka. Fundi aliingia kwenye karakana yake na hakutoka hata chakula kilipoiva. Alipotoka alisema tu kwamba lile jokofu zuri, walilokuwa wamejiwekea wao wenyewe, amepata mtu wa kulinunua. Mama Uyoga alimwekea chakula, akampa nyama yake pia.

*

Kwenye lango la taasisi mlinzi alimtambua Wifi, akamsalimu kwa furaha, kisha akakumbuka, akamsogezea karatasi ya kubandika kifuani iliyoandikwa MGENI. Wifi aliibandika bila kuitazama. Mama Uyoga, aliyebeba kapu la uyoga ule na visahani vilivyofungwa kwa taulo, alimwona amekaza taya, akamshika mkono mpaka walipofika ghorofani.

Daktari, aliyekuwa mkubwa wa Wifi, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya mafua. Yeye ndiye aliyetia saini barua ya kumwachisha kazi, na walipoingia hakujua pa kuweka mikono. Visahani vilimwokoa. Alikichukua kile chenye uwazi, akakiinua dirishani, akasahau kuwakaribisha viti. Aliuliza kimetoka wapi, mabua ya wapi, yamechemshwa muda gani, na kwa kila swali alimtazama Wifi, na Wifi kila mara alimwelekeza kwa Mama Uyoga, aliyechemsha mabua.

Kisha wakamketisha Mama Uyoga mbele ya hadubini. Mwanzoni aliona kope zake tu. Daktari alimwambia asibanane na kioo, apumzishe macho kama anayetazama mbali. Na ghafla zikaja: nyuzi za ukungu, ndefu, nyororo, zimenyooka kama uzi wa cherehani. Kisha Wifi akasogeza kioo mpaka pale zilipokaribia bakteria, na hapo hazikuwa zimenyooka tena. Zilijikunja. Ncha zake zilikuwa zimevimba kama puto, puto moja baada ya jingine, na mengine yalikuwa yamepasuka, yaliyomo yamemwagika kando kama uji.

Alitazama mpaka shingo ikamuuma. Adui aliyemfanya apange foleni na wauza samaki alikuwa hapo, na jambo la ajabu, hakumchukia. Alikuwa mzuri kutazama.

"Na hawa wa kijani," aliuliza bila kuinua kichwa, "si siku moja watazoea? Mbu huzoea dawa."

Daktari alimtazama Wifi, Wifi akamtazama Daktari.

"Kwa huyu hatujui," alisema Daktari. "Ni lazima tungoje tuone."

Walikaa wiki nyingi bila neno kutoka taasisi. Mama Uyoga alirudi kwenye mifuko michache, alichemsha mabua mara mbili, akauza kwa majirani na kwa mama mmoja wa kibanda cha chakula, kiasi cha kusukuma siku. Ile safu nzuri aliifukia kwa mkono wake mwenyewe. Hoteli haikupiga simu.

Jibu lilikuja likiwa na mguu mmoja ndani, mmoja nje. Bakteria si yule wa kutapisha. Ni wa ukoo unaokaa kwenye udongo na mabua, ndugu wa wengine ambao wakulima huwatumia tayari. Lakini haijulikani kama vile vitu vyake vinavyofanana na sabuni vinabaki ndani ya uyoga, wala kama nguvu yake inadumu mvuno kwa mvuno. Taasisi ilitaka kufanya jaribio kamili, na ilitaka kulifanyia katika chumba kile kile, kwa kuwa ukungu wenyewe umeshajenga humo. Italeta mabua, italipa pango la chumba, na itamchukua Wifi kwa mkataba mfupi asimamie. Wifi aliwaambia mezani, akaomba radhi kwamba si habari kubwa. Fundi alisema pango la chumba ni pango. Mama Uyoga aliuliza masharti.

Masharti yalikuwa magumu kwa roho yake. Nusu ya mifuko inyunyiziwe, nusu isiguswe hata kidogo, na yote ikae mahali pamoja, ipate bahati ile ile. Asiokoe mfuko wowote. Hata akiona doa.

Alikubali. Na hapo, kama kwa ukaidi, kijani kikakataa kuja. Mifuko yote iliota nyeupe, iliyonyunyiziwa na isiyonyunyiziwa, sawasawa, safi, ya kupendeza. Zamani angesherehekea. Sasa aliingia asubuhi na kutoka jioni akiwa na uso wa mfiwa. Alimweleza mumewe kwamba ikiendelea hivi watakuwa hawajajua kitu chochote. Kama ukungu haukuja, nani atasema ulizuiwa? Fundi alisikiliza kwa makini, akakubali kwamba hilo ni tatizo, akarudi kwenye karakana akiwa na shaka kama kweli ameoa mtu yule yule.

Ilikuwa Jumamosi, Wifi amejilaza na gazeti, Fundi anatafuta koleo lake, alipomsikia mkewe chumba cha nyuma akiongea peke yake kwa furaha. Akafungua mlango. Mama Uyoga alikuwa amepiga magoti mbele ya mfuko mmoja wa safu isiyoguswa, pua karibu igusane na nailoni, na chini ya pua yake palikuwa na doa la kijani, bichi, lenye ukubwa wa shilingi.

Fundi aligeuka akaita kuelekea chumba chembamba.

"Njoo umwone wifi yako huku. Mali inaoza, mwenyewe anacheka."

"Funga mlango, unaingiza upepo," alisema Mama Uyoga bila kugeuka. "Na mwambie aje na rula."